Kamusi, kadi au kaunta buku: kipi kitakuongezea Kiingereza?

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu wa tuisheni, kijana wa kidato cha pili, aliniletea insha yenye sentensi hii: "Thieves stole my father last night." Nilishtuka. Nikamuuliza kama wamekwenda polisi, na kama mzee amepatikana. Akabaki ananitazama. Baba yupo nyumbani, akasema, kilichokwenda ni redio na jozi mbili za viatu. Alitaka kueleza kwamba wezi walimwibia baba yake. Kwenye kamusi yake ndogo ya mfukoni "steal" ni kuiba, basi akaiba hivyohivyo, na mzee wa watu akachukuliwa mzimamzima.

Lile halikuwa kosa la uvivu. Alitafuta neno, akalipata, na maana aliyoipata ilikuwa sahihi. Alichokosa ni sentensi. Kiswahili kina mnyambuliko wake wa kutendea: aliniibia, wametuibia, amemwibia. Aliyeibiwa anaingia ndani ya kitenzi na mambo yanakwisha. Kiingereza hakina mlango huo. Kinataka utaje kwanza kitu kilichoibwa, ufuatishe "from", ndipo umtaje mwenye mali: "They stole a radio from my father." Au uache kitenzi hicho kabisa, uchukue "rob", ambacho ndicho kinachompokea mtu: "They robbed my father."

Tangu siku ile, mtu akiniuliza anunue nini ili aongeze msamiati, mimi namuuliza kwanza: unataka maneno ya kuyaelewa ukiyaona, au ya kuyatumia mwenyewe? Anayesoma maelezo kwenye chupa ya dawa ya nyanya anahitaji la kwanza. Anayejiandaa kwa usaili wa kazi ya mapokezi hotelini anahitaji la pili, tena anayahitaji mdomoni na si kwenye karatasi. Vifaa ninavyovilinganisha hapa chini vinaachana njia hapo hapo.

Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili

Wengi wetu tulianza na hii, na walimu wengi huisema vibaya kuliko inavyostahili. Inayojulikana sana Tanzania ni ile ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 na kurudiwa baadaye. Taasisi yenyewe siku hizi inaitwa TATAKI. Kabla yake watu walishika ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, ambayo mpaka leo unaweza kuikuta kwenye kabati la mwalimu mstaafu. Ukiikuta, ifurahie, ila usiende kuitafutia maneno ya kompyuta.

Nguvu ya kamusi ya namna hii ni kasi. Chukua "reluctant". Ukitaka kulieleza kwa Kiingereza kingine utazunguka. Mwambie Mswahili kwamba ni mtu anayefanya jambo shingo upande, kazi imekwisha. Anamwona huyo mtu, anamjua, pengine ni shemeji yake. Kadhalika majina ya vitu. Kamusi ya Kiingereza itakueleza kwamba "cloves" ni vichomozo vya maua ya mti wa nchi za joto, vikakaushwa, vikatumika kama kiungo. Unasoma umekunja uso, kumbe ni karafuu, zilezile unazozitoa kwenye meno ukila pilau. Surua, jembe, mkoko, figo, nundu ya ng'ombe: kwa maneno kama haya usijitese. Fungua kamusi ya lugha mbili, chukua jina lako, endelea na safari.

Balaa huanza pale ambapo neno moja la Kiswahili linafanya kazi za maneno mawili ya Kiingereza. Kushinda ni mfano ninaoupenda kwa sababu darasa zima huamka. Kwa Kiswahili tunasema Simba imeishinda Yanga, au Yanga imeishinda Simba, kutegemea unakaa mtaa gani. Mwanafunzi anaandika "Simba won Yanga". Kwa Kiingereza unai-"win" mechi, unalichukua kombe kwa "win", lakini mpinzani unam-"beat". Kwa sentensi ya mwanafunzi wangu, Simba ilichezeshwa bahati nasibu ikajishindia klabu nzima ya Yanga, na viwanja vyake.

Kuazima nako ni hivyohivyo: sisi tunasema "niazime kalamu" na "naomba kuazima kalamu" kwa kitenzi kilekile, huku wao wana "lend" kwa anayetoa na "borrow" kwa anayepokea. Ndiyo maana kila shule ina mtoto anayesema "borrow me your pen". Na nikumbushe, kwa kuwa imezaliwa na kumbuka, hutoka "remember me to buy sugar" badala ya "remind me". Sizungumzii kusikia, maana sisi tunasikia baridi, tunasikia njaa na harufu pia tunaisikia.

Kamusi ndogo ya lugha mbili itakuwekea "win" na "beat" zote mbele ya shinda, zimesimama bega kwa bega kama mapacha, bila kukwambia yupi anakwenda na nani. Kubwa zina mifano mifupi hapa na pale, na hiyo huokoa. Lakini kwa jumla ni kifaa cha kuelewa. Ukikitumia kuandikia, kitakuibia baba.

Nina neno moja kwa ndugu zetu wa Bujumbura na Bukavu. Aliyesomeshwa kwa Kifaransa ana mtego mwingine kabisa: anaona "library" anafikiri ni duka la vitabu, anaona "actually" anafikiri ni sasa hivi. Kwake yeye kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili ni bora kuliko ya Kiingereza kwa Kifaransa, kwa sababu Kiswahili hakifanani na Kiingereza kiasi cha kumdanganya. Maktaba ni maktaba.

Kamusi ya mwanafunzi: Kiingereza kwa Kiingereza

Hapa nitakaa zaidi, maana hapa ndipo pesa hupotea. Kuna kamusi za Kiingereza zilizoandikiwa Waingereza, na kuna zilizoandikiwa watu kama sisi. Zinapangwa rafu moja dukani, majalada yanafanana, na muuzaji mara nyingi hajui tofauti. Ile ya kwanza itakupa maneno ambayo hata mzaliwa wa London hajawahi kuyatamka, pamoja na asili yake ya Kilatini, na haitakuonyesha hata mara moja jinsi ya kusema kwamba baba ameibiwa.

Hii ya pili ilianzia mbali na Uingereza. A. S. Hornby alikwenda kufundisha Kiingereza Japani miaka ya 1920. Kamusi aliyoitunga huko na wenzake wawili ilitoka Tokyo mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, na jina lake la mwanzo lilitaja nahau na mpangilio wa sentensi. Mwaka 1948 Oxford wakaichapa, na ndiyo iliyokua ikawa ile Oxford nene ya wanafunzi wa ngazi ya juu. Yaani kifaa hiki kilitengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye Kiingereza si lugha ya nyumbani kwao.

Tazama inavyolishughulikia "reluctant". Kwanza maana, kwa maneno mepesi kuliko neno lenyewe. Kisha, mara nyingi kwa herufi nzito, inakuonyesha kwamba kinachofuata ni "to" na kitenzi: "reluctant to do something". Halafu mfano au miwili. Kile kijisehemu cha katikati ndicho kinachostahili bei ya kitabu kizima. Aliyetegemea shingo upande peke yake aliniandikia "I am reluctant with work". Aliyeona "reluctant to" aliandika "I am reluctant to work on Sundays", na ingawa nilitia shaka nidhamu yake, Kiingereza chake hakikuwa na tatizo.

Jambo la pili ni alama ndogo zinazokuambia kama jina linahesabika. Kwetu samani ni nyingi na vifaa ni vingi, kwa hiyo tunaandika "furnitures" na "equipments" bila wasiwasi. Tunaomba "advices" kwa sababu ushauri tumepewa na watu wengi. Kamusi ya mwanafunzi mara nyingi huweka herufi C kwa linalohesabika na U kwa lisilohesabika, kitu kidogo kama punje ya ulezi, na watu wanakipita miaka mitano bila kuuliza ni cha nini.

La tatu ni matamshi. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, ndiyo maana tunaamini herufi. Mimi mwenyewe nilitamka ile "p" ya "receipt" mpaka nikawa mtu mzima, mbele za watu, kwa sauti. Siku hizi tovuti za Oxford, Longman, Cambridge na Collins zinakusomea neno bure, kwa Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani. Kwa hilo kitabu cha karatasi kimeshindwa, tukubali.

Sasa, ipi? Nimezitumia tatu kwa muda mrefu na hazifanani.

Longman ya mwaka 1978 ilikuja na sharti la kueleza maana zake kwa maneno ya kawaida yapatayo 2,000 tu. Wazo lilikuwapo kabla: mwaka 1935 Michael West, aliyefundisha Bengal, alitoa na mwenzake kamusi iliyoeleza vitu 24,000 kwa msamiati wa maneno 1,490. Faida yake utaiona ukiwa na Kiingereza kidogo. Adui mkubwa wa kamusi za Kiingereza kwa Kiingereza ni ile hali ya kutafuta neno moja ukarudi na madeni matatu: unatafuta "reluctant", unaelezwa kwa "unwilling", unatafuta "unwilling", unapelekwa kwa "disinclined", na kufikia hapo umeshasahau ulikuwa unasoma nini. Longman hupunguza madeni hayo. Kwa mwanafunzi wa kidato cha pili au cha tatu ndiyo ninayompa.

COBUILD ilitoka mwaka 1987, kazi ya Chuo Kikuu cha Birmingham na wachapishaji wa Collins, chini ya John Sinclair. Ilifanya mambo mawili. Iliacha kutunga mifano, ikaichota kwenye hazina ya maandishi na mazungumzo ya kweli yaliyokusanywa kwenye kompyuta. Na ikaeleza maana kwa sentensi kamili, kana kwamba mtu anakusimulia: badala ya kukutupia kisawe, inaanza "If you are reluctant to do something…" na kukueleza huyo mtu yukoje. Unaona kilichotokea? Maana na matumizi yamekuja kwenye sahani moja. Kwa mtu mzima anayetaka kuzungumza, mimi naiweka mbele ya zote. Ila mifano yake, kwa kuwa ni ya kweli, wakati mwingine inatoka katikati ya habari usiyoijua, hujui nani kasema nini kwa nani, na mwanafunzi mchanga inamkatisha tamaa.

Oxford iko katikati. Ina upana, mifano ni mingi na safi, na imewekea alama maneno yake 3,000 ya kuanzia ili ujue lipi la kujifunza kwanza na lipi la kupita. Anayejiandaa kwa mtihani wa kimataifa, au aliyeko chuo, akae nayo.

Zote tatu zinadai jambo moja: uwe tayari una maneno elfu moja na kitu, karibu elfu mbili. Chini ya hapo zitakuchosha bure. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya serikali, aliyesoma sayansi kwa Kiswahili, na ghafla kidato cha kwanza usanisinuru imekuwa "photosynthesis", usimpe COBUILD ukamwambia soma. Mpe daraja kwanza. Huko Kenya, ambako Kiingereza kinaingia madarasani mapema zaidi, mtoto wa umri uleule anaweza kuanza nayo.

Orodha za maneno

Orodha hazifundishi neno. Zinakuambia lipi lianze, na hilo pekee linaokoa miaka. Nimemwona mtu aliyeamua kukariri kamusi kuanzia A. Alipofika wiki ya pili alikuwa anajua "aardvark", yaani mhanga, na "abacus", lakini hakuweza kuniambia kwa nini amechelewa.

Orodha ya yule Michael West ya mwaka 1953 ina maneno ya msingi kama 2,000. Kwa wa vyuo, Averil Coxhead wa New Zealand alichambua maandishi ya kitaaluma yenye maneno milioni 3.5, akatoa mwaka 2000 orodha ya familia 570 za maneno. Hizo peke yake zinabeba karibu asilimia 10 ya maandishi ya vitabu vya chuo. Familia ya neno ni neno na watoto wake: "analyse", "analysis", "analytical" ni nyumba moja. Mwanachuo wa mwaka wa kwanza asiyejua la kufanya aanzie hapo, ni miezi michache ya kazi.

Na mwisho wa safari uko wapi? Paul Nation, naye wa New Zealand, alipiga hesabu mwaka 2006: ili kusoma riwaya au gazeti bila msaada, uelewe maneno 98 katika kila 100, unahitaji familia 8,000 hadi 9,000. Asilimia 98 inasikika kama ukarimu, lakini ni neno moja geni katika kila maneno hamsini, karibu moja kila mistari minne ya kitabu.

Kadi za kukumbukia

Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885: tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha polepole. Kadi zimejengwa juu ya hilo. Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieneza mfumo wa kasha lenye vyumba. Kadi uliyoijibu inasonga chumba cha mbele, ambacho hukifungui mara kwa mara. Uliyoikosa inarudi chumba cha kwanza, hata kama ilikuwa imefika mwisho. Kasha la viatu na vipande vya manila vinatosha. Ukipenda simu, kuna programu ya kadi iitwayo Anki, ipo tangu mwaka 2006. Ya kompyuta na ya Android ni bure, ya iPhone inalipiwa.

Ubora wa kadi uko kwenye kilichoandikwa juu yake, na hapa watu wengi hupoteza muda. Kadi yenye "steal" upande mmoja na kuiba upande wa pili ni kamusi ya mfukoni iliyokatwakatwa. Kosa lilelile utalikariri mpaka liwe gumu kama jiwe. Mimi naandika hivi mbele: "Thieves ______ a radio ______ my father." Nyuma: "stole… from". Kwenye kadi nyingine: "Thieves ______ my father." Nyuma: "robbed". Kadi mbili, na baba hatoibwa tena.

Usipakue fungu la watu wengine lenye maneno 5,000. Yale si maneno yako, hukukutana nayo popote, na mfano wa kwanza utakaouona unahusu theluji. Halafu kadi zina deni. Ukiacha wiki mbili kwa sababu ya msiba au mavuno, unarudi unakuta kadi mia nne zinakusubiri, unafunga simu. Yamenikuta mara mbili. Kadi kumi mpya kwa siku ni nyingi. Tano zinatosha kwa mwenye kazi na watoto.

Kaunta buku

Kifaa hiki hakina matangazo, ni daftari gumu tu, lakini kwa mtu anayetaka kutumia maneno sijaona kinachokipita.

Kila neno lipewe nafasi ya mistari minne. Wa kwanza: neno, na Kiswahili chake kifupi. Wa pili: sentensi iliyonakiliwa ilivyo kutoka kamusi ya mwanafunzi. Wa tatu: sentensi yako mwenyewe, yenye watu unaowajua na mambo yaliyotokea kweli. Wa nne unauacha wazi, utaujaza siku ukilikuta neno hilo tena mahali pengine, kwenye tangazo, habari ya redio, barua ya kazini. Binti mmoja niliyemfundisha, aliyekuwa anafanya kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni, aliandika mstari wa tatu hivi: "The guest was reluctant to pay before seeing the room." Aliniambia sentensi ile aliitumia wiki hiyohiyo kumweleza meneja, bila kuitafuta kichwani. Ilikuwa imeshakaa, kwa sababu mgeni yule alimsumbua kweli.

Udhaifu wake ni kwamba daftari halikukumbushi. Unaandika kurasa arobaini nzuri, kwa kalamu mbili za rangi, na hurudi nyuma hata siku moja. Anayejijua kuwa ni wa namna hii ahamishe mstari wa tatu kwenda kwenye kadi, kila Jumapili, sentensi tano au sita. Ndoa ya vifaa hivi viwili ni bora kuliko chochote peke yake.

Simu inayotafsiri

Kwa kuelewa, haina mpinzani. Unaelekeza kamera kwenye karatasi ya dawa, unasoma. Kwa kujifunza, ni kama kubebwa mgongoni: unafika, miguu haijatembea. Programu hizi za kuzungumza na kompyuta ni bora kidogo, kwa sababu unaweza kuiambia ikupe sentensi nane za "remind" kuhusu duka la vifaa vya ujenzi, ikakupa, na Kiingereza chake kwa kawaida ni safi. Kiswahili chake nisingekiweka kwenye daftari bila kukitazama mara mbili. Mimi huitumia kinyume: naandika sentensi yangu, naiambia initajie kosa bila kuniandikia upya. Wanafunzi wengi hufanya tofauti, wanaomba insha nzima, na mwalimu anaisahihisha mashine.

Nani achukue nini

Wa kidato cha kwanza: kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili na kaunta buku, basi. Mwaka wa pili aongeze Longman, hata kama ni ya mitumba, hata kama jalada limekwenda. Toleo la miaka ishirini iliyopita halijaharibika, "steal" haijabadilika.

Mtu mzima aliyeko kazini, anayeongea na wageni au wateja: kaunta buku kwanza, COBUILD au tovuti yake kwenye simu, na aachane na orodha zote. Orodha yake ni kazi yake. Dereva wa watalii anahitaji "delay", "bumpy" na "overheat" kabla ya neno lolote ambalo profesa amelihesabu.

Mwanachuo: Oxford, familia 570 za Coxhead, kadi. Huyu ana muda na anasoma sana, kwa hiyo maneno atakutana nayo tena na tena hata asipoyafuata.

Anayetaka tu kuelewa anachosoma, wala hana haja ya kuandika barua kwa mtu: simu na kamusi ya lugha mbili zinamtosha, na asimsikilize anayemcheka.

Ukiwa mbele ya meza ya vitabu barabarani, kabla ya kuuliza bei, fungua sehemu tatu. Kwenye "steal" angalia kama "from" ipo. Kwenye "advice" angalia kama kuna ile herufi U, au kitu chochote kinachokuambia haihesabiki. Kwenye "remind" angalia kama kuna sentensi ya mtu anayemkumbusha mwenzake kufanya jambo. Ikiwa na vyote vitatu, anza kupatana bei. Ikiwa na kimoja tu, irudishe taratibu mezani, useme utapita kesho.